Muhogo na kunde havipatani? Kutafuta chanzo pale mazao ya mchanganyiko yanapokwenda kombo

Mtu akichanganya mazao na konde likamwendea vibaya, lawama ya mwanzo huangukia mchanganyiko wenyewe. "Nilitia kunde, muhogo ukakonda." Huenda pando lilikuwa na maradhi tangu siku ya kupandwa, au kunde zilichelewa, au udongo una upungufu ambao ungejitokeza hata kama muhogo ungekaa peke yake. Zipo pia nyakati ambazo mchanganyiko ndio wenye makosa, na hapo hatuna budi kuubadilisha. Mwongozo huu ni wa kutenganisha hali hizo mbili, kwa mkulima wa Unguja na Pemba na kwa yeyote anayetaka kufanya jaribio dogo shambani kwake.

Kuna sharti moja ambalo bila ya hilo mengine yote ni kubahatisha. Kila unapochanganya, acha kipande kidogo cha kila zao likiwa peke yake: udongo ule ule, mbegu ile ile, siku ile ile ya kupanda. Dalili ikionekana kwenye mchanganyiko na kwenye kipande cha peke yake pia, usishughulike na mchanganyiko. Tafuta kwenye mbegu, udongo, maji au wadudu. Ikionekana kwenye mchanganyiko tu, mazao yanagombania kitu, na kazi yako ni kujua wanachogombania ni mwanga, maji au chakula cha udongoni.

Muhogo umekwenda juu, chini hamna kitu

Shina refu na jembamba, vifundo vyake viko mbalimbali, na ukichimba unakuta mizizi miwili mitatu isiyojaa. Hiyo ni dalili ya kukosa mwanga, na kwa kawaida kilichouziba ni mahindi. Muhogo huanza polepole. Miezi mitatu ya mwanzo ndiyo inayoamua ni mizizi mingapi itakayojaa, na mahindi yaliyopandwa nao siku moja huwa yameshaupita kimo kabla ya muda huo kwisha. Yakivunwa mwezi wa tatu au wa nne, muhogo hupata nafasi ya kujirudi, kwa kuwa bado una miezi sita au zaidi ardhini. Lakini yakitangulia mahindi na muhogo ukaja mwezi mmoja baadaye, basi unaanza maisha yake kivulini, na mavuno yake hupungua kweli.

Usipunguze muhogo, punguza mahindi. Nafasi ya mita moja kwa mita moja inakaa mashina yapatayo 4,000 kwa eka, na idadi hiyo ibaki kama ilivyo. Mahindi ya muda mfupi yaingie kwenye uwazi mmoja, uwazi unaofuata uachwe. Kunde hazina tatizo la kimo, ila zile zinazotambaa huliparamia shina changa la muhogo, kwa hiyo chagua za kusimama.

Kabla ya yote tizama ardhi yenyewe. Kinamo kinachotuamisha maji wakati wa masika huozesha mizizi ya muhogo hata kama hukuuchanganya na chochote, na dawa yake ni matuta.

Kunde zimejaa majani, maganda hayaonekani

Hapa pana sababu nne, na zinahitaji kupimwa moja moja.

Ya kwanza ni tarehe. Kunde hukomaa kwa miezi miwili hadi mitatu, na muhogo hufunga kivuli chake kuanzia mwezi wa tatu. Zikipandwa pamoja mvua za mwanzo za masika, kunde zinamaliza kazi yake kabla hazijafunikwa. Zikipandwa muhogo ukiwa na miezi miwili, zitatafuta mwanga kwa kurefusha majani na kusahau maua. Ya pili ni samadi iliyozidi: mkunde ukipata naitrojini, chakula cha mmea kinachokuza majani, kwa wingi udongoni hupeleka nguvu kwenye majani. Ya tatu ni wadudu wa maua, hasa kiwavi anayezisokota maua na kuyatoboa maganda machanga. Fungua maua kadhaa kwa vidole asubuhi. Akiwamo utamwona au utaona kinyesi chake.

Ya nne watafiti wengi kutoka nje huikosa. Majani ya kunde ni mboga yetu. Anayelima kunde huyachuma machanga wiki kwa wiki, na kila uchumaji unapunguza punje. Ukifika mwisho wa msimu na mizani yako ukapima punje tu, utaandika kwamba kunde zimeshindwa, ilhali nyumba imekula mboga miezi miwili. Pima majani pia, au tenga mistari ya mboga na mistari ya punje na uwaambie wenye nyumba ni ipi ya kuchumwa. Muulize anayepika kabla hujamuuliza anayelima. Kisamvu nacho kihesabiwe vivyo hivyo.

Majani ya njano

Hii ndiyo dalili inayosomwa vibaya kuliko zote, kwa sababu njano ziko za namna nyingi. Anza kwa kuuliza: ni jani lipi lililoanza, la chini au la juu?

Majani ya chini ya mahindi yakianza kugeuka njano kutoka ncha kuelekea katikati, huo ni upungufu wa naitrojini. Mtu hushangaa: mbona nimetia kunde, na kunde zinarutubisha ardhi? Zinarutubisha, lakini si kwa jirani yake wa leo. Wakati mkunde uko hai, naitrojini unayoivuta hewani huitumia wenyewe, na kidogo sana humfikia jirani. Faida kubwa huja pale majani na mizizi yake inapooza ardhini. Ukizing'oa kunde na mizizi yake yote ukampelekea ng'ombe, na samadi ya ng'ombe isirudi pale, hukuiongezea ardhi kitu. Kata shina usawa wa ardhi, mizizi iache humo humo, na mabua yatandaze chini ya muhogo.

Kuna pia uwezekano kwamba kunde zenyewe hazifanyi kazi hiyo. Zinapoanza kutoa maua, chimba mkunde mmoja taratibu kwa panga, usiuvute, kisha suuza mizizi kwenye ndoo ya maji bila kuisugua. Utaona vinundu vidogo vya mviringo. Pasua kimoja kwa ukucha: ndani kikiwa chekundu au cha waridi, bakteria wake wanafanya kazi. Kikiwa cheupe au cha kijani, hakifanyi, na sababu huenda ikawa udongo uliochoka mno, maji yaliyotuama au samadi iliyozidi.

Hapo hapo angalia jambo jingine. Kinundu cha bakteria kinakaa ubavuni mwa mzizi na kinabanduka kwa kidole. Uvimbe wa minyoo fundo, wadudu wadogo wa udongoni wanaoishambulia mizizi, ni mzizi wenyewe uliovimba, na haubanduki. Ukikuta uvimbe wa namna ya pili, basi usichanganye kunde na bamia, nyanya, bilingani wala matango katika kipande hicho, kwa kuwa wote wanamlisha adui mmoja. Huu ni mchanganyiko mbaya unaoonekana mzuri machoni, nami naukuta kwenye bustani nyingi za mboga.

Ikiwa majani machanga ya juu ndiyo ya njano na mishipa yake imebaki kijani, huo ni upungufu wa madini ya chuma. Utauona zaidi kwenye ardhi ya maweni, upande wa mashariki na kusini ya Unguja na maeneo ya Micheweni huko Pemba, ambako udongo ni mdogo juu ya jiwe la matumbawe na chokaa ni nyingi. Chuma kimo ardhini, ila chokaa inakifunga na mmea haukipati. Njugu nyasa huumia sana na hali hii. Hapa kuchanganya ndiko kunakoweza kuwa dawa: mahindi na jamaa zake wa nyasi, mtama ukiwamo, hutoa mizizini vitu vinavyokifungua chuma, na majaribio yaliyofanywa China kwenye udongo wa chokaa yalionyesha njugu zilizopandwa bega kwa bega na mahindi zikirudi kijani. Wazee wa maweni wamekuwa wakipanda mtama kwenye matundu yale tangu zamani. Jaribu mistari miwili ya njugu kwa mmoja wa mtama, na uache njugu peke yake pembeni uone tofauti.

Na kama ni muhogo, majani yakawa na mabaka ya njano huku yamejikunja na kupinda, hiyo ni batobato, ugonjwa wa virusi. Haitoki kwenye mchanganyiko wala kwenye udongo.

Muhogo ukikatwa una madoa ya kahawia

Ugonjwa wa michirizi ya kahawia ni msiba wa pwani yetu yote. Juu shina linaweza kuonekana zima, majani yana njano hafifu inayofuata mishipa, na mwenye shamba hajui lolote mpaka siku ya kuchimba, muhogo ukatoka na doa gumu la kahawia ambalo haliliki. Virusi vyake huletwa na inzi weupe, na zaidi huletwa na sisi wenyewe kwa kupeana mapando.

Usitegemee mchanganyiko ukuokoe hapa. Huko Colombia ilionekana inzi weupe wakipungua kwenye muhogo uliochanganywa na kunde, lakini inzi wao ni wa jamii nyingine na siwezi kukuahidi kwamba wa kwetu atafanya hivyo. Hilo ni swali zuri la kufanyiwa jaribio: hesabu inzi chini ya majani matano ya juu, asubuhi kabla hawajachangamka, kwenye mchanganyiko na kwenye kipande cha muhogo peke yake. Kinga ya uhakika zaidi ni pando. Chagua mapando siku ya kuvuna, kutoka kwenye shina ambalo umeshaukata muhogo wake ukauona mweupe ndani, na uzipe nafasi aina zilizotolewa na watafiti wa hapa kwetu kwa ajili ya ugonjwa huu, kama Kizimbani, Machui, Mahonda na Kama.

Tangawizi inanyauka chini ya migomba

Tangawizi inapenda kivuli cha kiasi, kwa hiyo kuiweka chini ya migomba ni wazo zuri. Ikinyauka, ziko sababu mbili kubwa zinazofanana kwa mbali. Zitenganishe kwa glasi ya maji.

Chukua glasi ya kioo, tia maji safi. Kata shina lililonyauka karibu na ardhi, ulishike wima, ncha iliyokatwa iguse maji, na usitikise. Ukiona uzi mweupe kama wa maziwa ukishuka kutoka kwenye mkato ndani ya dakika chache, huo ni mnyauko wa bakteria. Hauna dawa ya kunyunyiza. Ng'oa mashina hayo na udongo wake, usiyatupe mferejini, safisha jembe, na kwa miaka kadhaa kipande hicho kisitiwe tangawizi, nyanya, bilingani wala pilipili. Tia mahindi au mtama. Kama ulikuwa umezungushia nyanya pembeni ya tangawizi, basi huko ndiko ulikoualika, na hapa mchanganyiko una hatia kamili.

Uzi usiposhuka, na chini ya shina pakawa palaini, pamejaa maji na panatoa harufu, huo ni uozo wa maji yaliyotuama. Inua matuta, punguza majani ya migomba ili hewa ipite, na msimu ujao panda vipande vilivyo safi.

Chini ya minazi hakustawi kitu

Uliza umri wa minazi kwanza. Mnazi mchanga, mpaka kama miaka 8, unaacha mwanga mwingi. Kati ya miaka 8 na 25 makuti yako chini na yamefumbana, na muhogo au mahindi yaliyotiwa humo yatakonda kwa vyovyote. Hapo tia manjano, tangawizi au majimbi. Baada ya miaka 25 mnazi umepanda juu, jua linaingia tena, na migomba, muhogo, hata mikarafuu michanga inapata nafasi. Mizizi mingi ya mnazi iko ndani ya mita mbili kuzunguka shina, kwa hiyo ukiacha duara hilo umepunguza ugomvi kwa sehemu kubwa.

Ikiwa lalamiko ni nazi changa zinazopukutika zikiwa na makovu yenye utomvu, hiyo ni kazi ya kunguni wa minazi. Adui yake mkubwa tunaye: maji moto, wale chungu wekundu wanaoshona majani na kung'ata bila huruma. Uhusiano huu ulichunguzwa hapa hapa Unguja tangu miaka ya 1950. Maji moto hawapendi shamba la minazi mitupu iliyofagiliwa chini. Wanataka miti ya kujengea karibu, kama michungwa, mipera na miembe, na adui zao, sisimizi wadogo wa ardhini, wanapata nguvu zaidi pale ardhi inapoachwa wazi. Mchanganyiko wa miti na minazi ni ulinzi wa nazi, na kila anayekata michungwa ili "asafishe" shamba la minazi ajue anawafukuza walinzi wake.

Mahindi yametobolewa kitovuni

Viwavijeshi vamizi wameingia Afrika kuanzia 2016. Kuchanganya mahindi na kunde hakuwazuii peke yake. ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoko Kenya, wanatumia desimodiamu (mmea wa malisho wa jamii ya kunde) kati ya mistari na nyasi za mifugo pembezoni, na mfumo huo umepunguza viwavi hao. Unamfaa zaidi mwenye ng'ombe, kwa kuwa mimea yote miwili ni malisho.

Palizi imemshinda mwenye konde

Hili si tatizo la mimea, na bado linaua majaribio mengi. Msimu wa karafuu ukifika, ambao huanza Julai na unaweza kufika Januari, Pemba nzima iko mikarafuuni, na kunde za vuli zinakauka juu ya miti yake bila mchumaji. Mchanganyiko unaohitaji mikono mwezi ule utashindwa hata kama ni mzuri namna gani. Panga kunde ziishe kabla, au kwa vuli tia mbaazi, ambazo zinasubiri.

Ipo sababu nyingine ya aina hii. Huku kwetu mwenye minazi na mwenye kulima chini yake wanaweza kuwa watu wawili. Anayelima kwenye ardhi ya mwenzake ana ruhusa ya muhogo na kunde, lakini akipanda mchungwa anaonekana anadai shamba. Ukiona mkulima anakubali ushauri wako wote ila wa kupanda mti, usimwite mkaidi. Kaa na wote wawili kitako.

Jaribio limekwisha na hujui kilichoshinda

Mtu anavuna kilo 16 za muhogo kwenye mchanganyiko na kilo 20 kwenye muhogo peke yake, anasema mchanganyiko umemtia hasara. Hesabu haijaisha. Gawanya mavuno ya kila zao kwenye mchanganyiko kwa mavuno yake likiwa peke yake, kisha jumlisha. Muhogo: 16 kwa 20 ni 0.8. Kunde: nusu kilo kwa kilo moja ni 0.5. Jumla ni 1.3. Maana yake, ili upate chakula kile kile kwa kutenganisha mazao ungehitaji eka 1.3 kwa kila eka moja ya mchanganyiko. Kwa familia inayoishi na eka tatu zilizogaiwa baada ya Mapinduzi ya 1964, tena nyingi zimeshagawanywa na warithi, tofauti hiyo ni karibu eka moja nzima. Jumla ikiwa chini ya 1, mazao yanaumizana na uyatenganishe.

Hesabu hii ina udhaifu wake na ni haki kuutaja. Haiangalii muda: kunde peke yake zinaweza kupandwa masika na tena vuli, wakati muhogo umekaa pale pale. Ukilinganisha, hesabu mavuno yote mawili ya kunde kwenye kipande chake.

Majibu yakikinzana, tizama namna ulivyopanga vipande. Mita 5 kwa 5 zinatosha, kila namna irudiwe mara tatu, yaani vipande tisa kwa muhogo peke yake, kunde peke yake na mchanganyiko. Nani akae wapi ipigwe kura, la sivyo mchanganyiko utajikuta bondeni kwenye rutuba na muhogo peke yake juu kwenye kichanga. Usipime mstari wa nje wa kipande chochote, unapata mwanga wa ziada. Wala usihukumu kwa msimu mmoja. Faida ya kuchanganya huonekana hasa mwaka ambao vuli imegoma, kunde zikafa na muhogo ukabaki, na mwaka huo huwezi kuuchagua wewe.

Bado hujapata chanzo

Peleka mmea kwa wataalamu wa utafiti wa kilimo: kituo cha Kizimbani kwa walioko Unguja, cha Matangatuani kwa walioko Pemba. Chimba mmea mzima na mizizi yake na udongo kidogo, ufunge kwenye gazeti; mfuko wa plastiki unauozesha njiani. Chukua na mmea mzima wa afya kutoka konde hilo hilo, na mwingine kutoka kipande cha peke yake. Andika tarehe ya kupanda kila zao, pando limetoka kwa nani, na mvua ilivyokuwa wiki mbili kabla dalili hazijaanza.